Kipimo cha Mto

Somo nililitayarisha Jumapili usiku,
kibuyu cha chai chungu kikipoa mkononi:
ukurasa mmoja, si wa karatasi,
wenye kijito chetu cha Tres Cuervos kwa rangi ya samawati
na chini yake kitelezi,
cha kusukuma kwa kidole
toka sufuri hadi mita nane.
Ukisukuma, maji yanapanda.
Ukirudisha, mawe yanaonekana.
Nilikisukuma mara kumi na mbili, peke yangu,
kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Jumatatu walikuja wote tisa,
Nahir na nduguye juu ya farasi mmoja,
Wilmar na tope la zizini viatuni,
na Yamandú, ambaye tangu shule ifunguliwe Machi
hajanipa sentensi nzima.
Nikimuuliza, hutazama dirishani.
Nikimsubiri, naye husubiri,
na kwa kusubiri ananishinda.

Tukafungua hati. Kila mtu na kishale chake,
cha Nahir rangi ya chungwa, cha Wilmar kijani,
vikarandaranda juu ya maji.
Wilmar akazamisha nyumba zote, akazifufua, akazizamisha tena.
Mtu akaandika pambizoni: Mwalimu, samaki wako wapi?
Sikuwa nimechora samaki.
Akachora yeye. Ana miguu.

Kishale cha Yamandú, kijivu,
kilisukuma kitelezi hadi nane.
Kikakisukuma tena.
Kitelezi kikagoma.
Tena. Nane. Tena. Nane.
Kwenye skrini yangu nilikiona kikitetemeka pale mwisho
kama ndama anayegonga lango kwa kichwa.
Nikadhani anacheza. Nusura nimkemee.
Kisha, herufi moja moja,
maneno yakazaliwa, yakafutwa, yakazaliwa:

Hapa si mwisho.
Yalifika kwenye picha ya harusi ya bibi.
Picha iko juu ya mlango.

Darasa likanyamaza, na si kwa amri yangu.
Nahir akaandika chini yake: Kwetu kondoo arobaini.
Wilmar: Baba alilala juu ya paa na redio.
Mwingine, bila jina: Trekta ilitubeba sisi. Mbwa alibaki.

Mimi naishi mlimani.
Ile nane niliitoa kitabuni,
kitabu kilichochapwa Montevideo na watu wakavu,
nami nimekifundisha miaka kumi na sita
bila hata mtoto mmoja kupata mahali pa kukisukuma
hadi kigome, tuone kinapogomea.

Sitakisifu chombo kupita kiasi.
Saa tano mtandao ulikatika,
vishikwambi viwili vikaisha chaji,
na Wilmar alikuwa ameshaandika tusi juu ya daraja.
Basi tukachukua kamba, tukashuka kwa miguu
hadi kwa kina Yamandú.
Bibi yake alikwishapaka chokaa ukuta mzima,
mweupe, kana kwamba hakuna kilichopita.
Mtoto akapanda kiti. Hakufika.
Nikambeba mabegani, mimi na mgongo wangu huu.
Akaweka kidole juu ya chokaa.
“Hapo,” akasema. Kwa sauti. “Hapo, mwalimu.”
Bibi akatazama kile kidole,
akaingia ndani kutuchemshia maji.

Tulipima kwa kamba yenye mafundo, toka kidoleni
hadi ukingoni, hadi mawe ya chini kabisa.
Tukagombana juu ya mafundo. Tukapima upya.

Usiku nikafungua hati,
nikaenda mahali namba ilipofichwa,
nikafuta nane.
Nilikuwa nakaribia kuandika hesabu ya kamba
nilipokiona kishale kijivu:
kimo humo tayari, kando ya kitelezi,
kikiwaka, kikizima,
kikisubiri, kama kawaida yake.

Nikaondoa mkono.
Pengo nikaliacha wazi.
Andika wewe.